Kasuku ya zamani inauzwa tofali kwa tofali, na siye tunaangalia

Ndugu vijana wa Kindu, wa Kasuku, wa Mikelenge, na ninyi wa ng'ambo kule Alunguli,

Safari hii siandiki juu ya mishahara wala juu ya vizuizi vya barabarani. Tutarudilia hayo, mnatujua. Leo naandika juu ya nyumba.

Asubuhi moja nilikuwa napita kwa mguu upande wa gare, kwenye zile avenyu za zamani, nikakuta vijana wanne wa umri wangu wanavunja ukuta. Nyumba yenyewe mnaijua aina yake: matofali mekundu ya kuchoma, ukuta mnene, baraza pana mbele, madirisha marefu ya mbao, paa ya mabati iliyoinuka sana ili joto lipande juu. Paa ilikuwa imekwisha kutoka. Matofali yalikuwa yanapangwa pembeni, mia kwa mia, na mtu mmoja mwenye kalamu anayahesabu. Yalikuwa yamekwisha kuuzwa. Pale patajengwa magazini, vyumba vinafuatana, milango ya chuma, kama zile zingine zote.

Ng'ambo ya barabara mzee mmoja alikaa kwenye kiti cha plastiki anaangalia. Nikamsalimia, nikamuuliza kama nyumba ilikuwa yake. Akacheka.

"Hapana, mutoto wangu. Haikuwa yangu hata siku moja. Lakini ile matofali, nkambo yako njo aliibeba."

Sikuwa na jibu.

Tuanze na jambo ambalo kwenye masomo tulipita juu yake mbiombio: sababu gani mji huu uko hapa na si pahali pengine. Mto Lualaba ni mkubwa lakini haupitiki kote. Kati ya Kisangani na Ubundu kuna maporomoko. Karibu na Kongolo kuna njia nyembamba ya mawe ambayo Wazungu waliiita Porte d'Enfer, mlango wa jehanamu. Katikati, kutoka Ubundu mpaka Kindu, masua inapita, kama kilometa 300 hivi. Basi mwenye kutaka kutoa mali ndani ya inchi alipaswa kuchanganya: treni, kisha masua, kisha treni tena. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ndiyo ilifanya kazi hiyo. Reli ya kwanza, kutoka Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125, ilikwisha 1906. Ya pili ilianzia hapa kwetu: Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, ikakwisha mwanzoni mwa miaka ya 1910. Ya tatu ilitoka Kabalo mpaka Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, mwaka 1915.

Kindu, huu mji tunaoujua, ulikua pale ambapo masua inakutana na treni. Kwa miaka mingi kwenye karte uliandikwa Kindu-Port-Empain, jina la mwenye feza. Na Kasuku ndiyo moyo wa jambo hilo. Gare iko Kasuku. Bandari iko Kasuku. Nyumba zenye baraza pana zilikuwa za wakubwa wa kampuni na wa serkali ya kikoloni. Vyumba vidogo vya kupangwa mstari vilikuwa vya wafanyakazi weusi. Ukitaka kuelewa namna ukoloni ulivyogawanya watu, tembea dakika ishirini kwa mguu, utaona ni nani alipewa baraza na ni nani alipewa mlango mmoja na dirisha moja.

Nani alikata pori, nani alibeba reli mabegani, nani alichoma matofali? Wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini, na wengi hawakurudi. Jina la Empain liliingia kwenye karte. Majina yao wale hayakuandikwa popote. Kazi yao tu ndiyo imebaki: tuta la reli, ukuta wa bandari, zile nyumba. Ndiyo maana mzee alisema vile. Alikuwa ananieleza kwamba deni liko pale ukutani, na kwamba vijana wanne walikuwa wanalifuta kwa nyundo bila kujua.

Na hayo si ya zamani za mbali tu. Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1961, marubani na wanajeshi 13 Waitalia waliokuja na ndege za Umoja wa Mataifa waliuawa hapa Kindu. Kule Pisa, Italia, kuna jengo la kumbukumbu karibu na kiwanja cha ndege, na jina la Kindu limeandikwa pale. Miji mbalimbali ya Italia iko na barabara za jina hilo. Muulize kijana wa Kasuku leo mambo hayo yalipita namna gani, wengi watakutumbulia macho tu. Mwaka 1964, mwezi wa saba, Simba waliingia Kindu. Mwezi wa kumi na moja majeshi ya serkali na mamluki wakauchukua tena, na kati ya siku hizo mbili watu wengi walikufa. Mwaka 1998, mwezi wa kumi, waasi wa RCD wakaingia. Miaka ya vita ile treni ilinyamaza, chumvi ikawa mali ya matajiri, na baba zetu walikwenda na baiskeli mamia ya kilometa wakisukuma mizigo ndani ya pori. Kila moja ya siku hizo ilipita mbele ya nyumba fulani, kwenye avenyu fulani, na wazee wanaoweza kutuonyesha kidole "ni hapa" wanakufa mmoja mmoja. Nyumba ikivunjwa na mzee akifa mwaka uleule, hakuna tena pa kuanzia kuuliza.

Sasa najua mnachotaka kusema, sababu mwenzangu mmoja wa harakati alikwisha kuniambia usoni: "Kaka, watu hawana maji, hawana umeme, barabara ya kwenda Kasongo ni matope, na wewe unalilia nyumba za Wabelgiji?"

Ni swali nzuri, siwezi kulikimbia.

Kwanza, sizilii za Wabelgiji. Mbelgiji alitoa amri. Nyumba ni jasho la watu wa hapa. Tukiziacha zivunjwe kwa sababu "ni za Wazungu," tunampa Mzungu kitu ambacho hakukifanya.

Pili, na hapa nataka mnisikilize vizuri, jambo la nyumba za zamani na jambo la maji yanatoka kwenye jungu moja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo wote ni wa Leta. Raia anapewa konsesio tu, karatasi ya kutumia. Basi parsele nzuri ya katikati ya mji inahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa sahihi, ndani ya biro, wakati hakuna anayeangalia. Na nyumba rahisi zaidi kuhamisha ni ipi? Ni ile ya zamani, ambayo mwenyewe ni Leta ao kampuni ya Leta. Kwetu, kitu cha Leta tunakifanya kama kitu kisicho na mwenyewe. Inaachwa kwanza bila kutengenezwa, mvua inaingia, kisha mtu anasema "hii ni hatari, ivunjwe," kisha tunaona magazini. Ukiuliza nani aliuza, kwa bei gani, feza zimeingia kwenye kasha gani, hakuna jibu. Mtu anayejifunza kuuliza swali hilo juu ya nyumba moja ya matofali mekundu atajua kuliuliza pia juu ya feza za bomba la maji.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba kulinda mtaa wa zamani ni jambo safi lisilo na hatari. Kuna mji mmoja wa kutufundisha, na unatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Kiswahili hiki ninachoandika kilifika Maniema pamoja na misafara ya pwani. Hamed bin Muhammad, yule tunayemuita Tippu Tip, alitawala njia za pembe na za watumwa kutoka Kasongo. Kisha alirudi Zanzibar na akafia huko mwaka 1905. Nyumba yake ya Shangani, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ingali inasimama. Sijafika huko. Nimeona picha tu, mlango mkubwa wa mbao uliochongwa, na nimesoma kwamba ndani yake zimekaa familia za watu wa kawaida tu. Naifikiria mara nyingi, ile nyumba. Mali iliyoijenga, sehemu yake ilitoka kwetu, kwenye migongo ya watu wa Maniema. Watu wa Zanzibar hawakuibomoa kwa hasira, wala hawakuifanya ya kusifu. Iko pale, na mtoto anaweza kuuliza.

Mji Mkongwe ulitaka kufa kama Kasuku yetu. Kisha ya mapinduzi ya 1964 serkali ilichukua nyumba nyingi, ikaweka wapangaji ndani. Wapangaji hawakuwa na feza za kutengeneza paa, na serkali haikutengeneza. Nyumba zikaanza kuanguka. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuhifadhi mji, mwaka 1994 ikapata sheria yake na mpango, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Pembeni ya mamlaka hiyo, raia nao wakaunda chama chao, Zanzibar Stone Town Heritage Society, ambacho si cha Leta. Jambo hili la mwisho ndilo linalonivuta. Mamlaka ina mkubwa wake aliyeiteua, na mkubwa akitaka kitu mamlaka inakohoa tu. Chama cha raia kinaweza kusema.

Na pamoja na hayo yote, tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2020, Beit al-Ajaib, jumba kubwa kuliko yote pale, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja. Lilikuwa kwenye kutengenezwa. Wafanyakazi wawili walikufa. Jumba hilo lilikuwa limefungwa kwa watu tangu 2012 sababu ya ubovu. Miaka minane kila mtu alijua. Karatasi ya UNESCO haikushika ukuta.

Tena kuna jambo lingine, ambalo kwangu ni zito zaidi. Mji Mkongwe ulipopata jina duniani, wenye feza walikuja. Nyumba nyingi zikageuka hoteli na maduka ya watalii. Jengo la zamani la Mambo Msiige likaingizwa ndani ya hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015, na UNESCO wenyewe walilalamika juu ya ujenzi ule. Nyumba inatengenezwa vizuri, inang'aa, na bibi aliyezaa watoto wake ndani anakwenda kutafuta chumba mbali.

Mtasema Kindu haina watalii, acha kuota. Kweli, haina. Lakini iko na wanaotafuta parsele karibu na bandari na gare, na hao hawahitaji ndege kufika.

Fikiria basi kambi zetu za reli. Mishahara ya wafanyakazi wa SNCC iliyolala kwa miaka ni jambo linalojulikana inchi nzima, halina haja ya mimi kulisimulia. Katika vyumba vile vya mstari wanakaa watu waliozeeka kazini, wajane wao, watoto wao, wajukuu wao. Wengine hawana karatasi yoyote isipokuwa jina la baba kwenye kitabu cha kampuni. Kesho mtu mwenye suti anaweza kuja na neno zuri, "patrimoine," akasema nyumba hizi ni za historia, tokeni tuzilinde. Siku hiyo neno letu zuri litakuwa limegeuka fimbo ya kuwafukuza. Mimi nikichaguliwa kati ya nyumba nzuri isiyo na watu na nyumba mbovu yenye mjane ndani, nitasimama na mjane, kisha nitatafuta mabati.

Kwa hiyo chama cha kulinda Kasuku, kama tutakiunda, na naomba tukiunde, hakiwezi kuwa chama cha watu wenye kupenda picha za zamani peke yao. Kianzie kwa wanaokaa ndani. Nusu ya viti iwe yao, na wajane wasihesabiwe kama wageni. Na iandikwe ndani ya sheria zake za ndani kwamba hakitaunga mkono nyumba yoyote kulindwa kama kulindwa kwake kunamtoa mwenye kukaa bila pahali pengine pa kweli. Wengine wataona ninakaza sana. Nakaza makusudi.

Tuko na silaha gani? Si kidogo, na zote ziko kwenye karatasi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 46, inasema Leta inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Kuna sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Inaruhusu majengo na pahali pa historia paorodheshwe rasmi. Ni ya wakati wa Mobutu, imezeeka kuliko wengi wa wazazi wetu, na kwenye biro zetu ni kama haijulikani. Inchi yetu iko na pahali patano kwenye orodha ya urithi wa dunia, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi, na zote tano ni pori na wanyama. Rumba iliingia 2021 kwenye orodha nyingine, ile ya mambo yasiyoshikika kwa mkono. Tunajua kulinda sokwe, angalau kwenye karatasi, na tunajua kulinda wimbo. Nyumba ya mfanyakazi wa reli, bado. Sisemi Kasuku iende UNESCO, tusichekeshe watu. Nasema nyumba kumi tu ziandikwe rasmi hapa kwetu, mwanzo.

Kifungu cha 27 cha Katiba ndicho ninachokipenda zaidi. Kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mamlaka petisio, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa kuianzisha. Wale kati yenu waliokwisha kulala ndani ya kasho juu ya maandamano wanajua thamani ya sentensi hiyo, hata kama pale kwenye biro kuna wenye kujifanya hawaijui.

Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 ndiyo inaongoza mashirika yasiyo ya faida. Watu saba wanatosha kuanza. Saba! Kwenye kona moja ya bandari wakati wa jioni, wakingoja pirogi ya Alunguli, unapata watu saba wanaobishana juu ya mpira peke yake. Makaratasi yatachelewa, tunajua namna dosie inavyolala Kinshasa, lakini risiti ya kuweka dosie nayo ni karatasi.

Na tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 tulipiga kura ya washauri wa komine. Walipita milangoni kwetu na tisheti na chumvi. Sasa ni zamu yetu kupita mlangoni kwao. Swali la kwanza ni dogo: komine ya Kasuku iko na orodha ya nyumba za Leta zilizo ndani yake? Kama iko, ibandikwe ukutani watu waisome. Kama haiko, tutawasaidia kuitengeneza.

Kule Lamu, kwenye pwani ya Kenya, mji wa zamani ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, raia walikatalia kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotaka kujengwa karibu nao. Walikuwa wavuvi, mama wa soko, vijana. Hawakuwa na nguvu nyingine isipokuwa kuuliza mbele ya korti: mlituuliza lini? Mwezi wa sita 2019 korti ya mazingira ikafuta ruhusa ya kiwanda, na sababu moja kubwa ilikuwa hiyo, kwamba wakaaji hawakushirikishwa inavyopaswa. Huku kwetu korti ni mlima mwingine, sitaki kuwapa matumaini ya bure. Lakini swali "mlituuliza lini?" halilipiwi feza.

Nije kwenye kazi yenyewe.

Tutaanza kuhesabu. Kutoka gare mpaka bandari, avenyu kwa avenyu, wawili wawili, kalamu na simu. Kila nyumba ya zamani inapata namba, picha ya mbele, hali ya paa, na mambo ambayo mwenye kukaa ndani amekubali kutuambia. Picha za watu hazitawekwa hewani, majina yao hayatatoka kwenye daftari. Tukikataliwa mlangoni, tunasema asante na tunakwenda. Mwenye kukaa akiuliza "mumetumwa na nani?" tunajibu ukweli: hatukutumwa na mtu, na hatuna feza ya kumpa. Msiende na tisheti ya chama chochote cha siasa, hata ile nzuri.

Mtakapokuta wanaovunja, msipigane nao. Wale ni wenzetu, wanalipwa kwa siku, na jioni watoto wao wanangoja fufu kama wengine. Muulizeni kwa heshima nani aliwaweka kazini, mpige picha ya ukuta kabla haujaanguka, mwandike tarehe. Basi.

Kisha kuna wazee. Kila mtu ako na mmoja nyumbani. Kaa naye jioni, umwache aongee, hata akirudilia habari ileile mara tatu. Mara ya tatu ndipo anakumbuka jina la avenyu. Muulize alisafiri treni ya kwanza mwaka gani, kwenda wapi, tiketi ilikuwa na rangi gani. Muulize walikimbilia wapi siku zile za Simba, na siku zile za 1998. Rekodi sauti kama amekubali. Mwenye picha za zamani, kadi ya kazi ya reli ya nkambo, karatasi ya malipo, hata ikiwa imeliwa na mende, atuonyeshe tu tuipige picha; asituachie, abaki nayo.

Orodha ikifika nyumba mia moja, petisio inaandikwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na inapelekwa kwa meya wa mji, kwa burgumesta wa Kasuku na kwa guverneri siku ileile, na risiti mkononi. Toka siku hiyo tunahesabu miezi mitatu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari nimekwisha kuujaza. Namba moja nimeandika ile nyumba ya asubuhi ile, na kwenye safu ya hali nimeandika: haiko tena. Namba mbili ni ya kando yake. Ndani anakaa mama mmoja na wajukuu watano, paa inavuja upande wa jikoni, na ameniambia nirudi siku ya Mungu kisha ya misa, kuna picha ya mume wake mbele ya treni ambayo anataka kwanza kuitafuta ndani ya sanduku.